Aliyefufuka Aliomba Chakula



Jumapili ya Pasaka tulipiga makofi, tukaruka, tukapaza sauti kwamba Yesu yu hai. Vizuri sana. Hata mimi niliruka. Leo nataka kuuliza swali ambalo huwa hatuliulizi viti vya Pasaka vikishakunjwa: Yesu alitoka kaburini na nini?

Sijauliza alitoka lini. Siku ya tatu, hilo hata mtoto wa Shule ya Jumapili analijua. Nauliza alitoka na nini. Fungua Luka 24, anza mstari wa 36. Wanafunzi wameshikwa na hofu, wanadhani wameona mzuka. Yesu anawaonyesha mikono yake na miguu yake. Anawaambia wampapase wajionee kwamba ana nyama na mifupa. Bado wanashindwa kuamini. Basi anawauliza kama wana chochote cha kula. Wanampa samaki aliyechomwa, naye anakula mbele ya macho yao.

Mpendwa, tafakari hapo kidogo. Mwokozi aliyeishinda mauti aliomba chakula.

Nenda Yohana 21. Ni alfajiri ufuoni mwa bahari ya Tiberia. Yule yule aliyefufuka amewasha makaa, samaki yako juu ya moto, mkate uko tayari, anawaita vijana waliokesha wakivua waje wale. Mazungumzo mazito na Petro yalikuja baada ya kula. Soma mwenyewe mstari wa 15.

Rudi Marko 5. Binti wa Yairo, umri miaka 12, amekufa, na nyumba imejaa kilio. Yesu anamshika mkono, mtoto anainuka, anatembea. Watu wameduwaa, kila jicho liko kwenye muujiza. Yesu anakumbuka tumbo la mtoto. Anawaagiza wampe kitu ale.

Huyo ndiye Bwana tuliyemshangilia Pasaka. Kwa hiyo nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: mhubiri yeyote anayekufundisha kuudharau mwili wako, kuunyima chakula mpaka uvunjike, kuunyima dawa, kuutamania kaburi, huyo anahubiri kinyume cha Pasaka. Hata kama analia machozi madhabahuni. Hata kama ananena kwa lugha. Hata kama ana wafuasi wengi kuliko sisi sote.

HAYA MAMBO HAYAKUANZIA MSITUNI

Mwezi wa Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400. Watoto walikuwemo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Walionusurika walisimulia jinsi watu walivyofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakakutane na Yesu.

Mambo ya kesi nayaachia mahakama. Mafundisho siwezi kuyaachia mahakama, kwa sababu mafundisho ni kazi ya kanisa.

Tulipoona zile picha, wengi wetu tulisema: wale si sisi, wale ni watu waliopotea, sisi tuna cheti cha usajili na tuna askofu. Lakini sikiliza. Mtu haamki asubuhi moja akaamini kwamba kumnyima mtoto wake maji ni ibada. Safari hiyo huanza mbali sana. Huanza na maneno madogo tunayoyaitikia "Amina" bila kuyapima. "Mwili huu ni gunia tu la kubebea roho." "Mtu wa imani haendi hospitali." "Tupa hizo dawa, zinaonyesha una shaka." "Mungu hana haja na tumbo lako, anataka roho yako." Maneno haya yalisemwa kwenye mikesha, kwenye redio, kwenye mikutano ya uwanjani, na kwenye simu hizi hizi tulizoshika. Msitu uliyapokea yakiwa yameshakomaa.

Na yangali yanafanya kazi hadi leo, bila msitu wowote. Kuna mama anameza dawa za presha akiwa amejifungia chooni ili kikundi chake cha maombi kisimwone. Kuna kijana aliyeambiwa kwamba amepona, akaacha ARV, na sasa anakonda huku watu wakimwambia akiri ushindi. Kuna mtoto mwenye homa kali anayepakwa mafuta siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zahanati iko ng'ambo ya barabara. Kuna mama mjamzito aliyeamriwa mfungo mkavu ili "mtoto atoke na upako."

Hao hawataonekana kwenye habari za saa moja. Watazikwa mmoja mmoja, nasi tutasema ni mapenzi ya Mungu.

NENO MOJA LILILOTUCHANGANYA

Sehemu ya shida iko kwenye lugha. Biblia yetu ya Kiswahili hutumia neno moja, mwili, mahali ambapo Paulo, akiandika Kiyunani, alikuwa na maneno mawili. La kwanza ni sarx. La pili ni soma. (Usilichanganye na "soma" yetu, ingawa tungesoma zaidi tungepona mengi.)

Wagalatia 5:19 inapotaja matendo ya mwili, neno lililoko ni sarx, yaani ule utu wa kale unaoishi kwa kumpinga Mungu. Tazama orodha yenyewe. Uasherati na ulevi vimo. Lakini vimo pia uchawi, uadui, wivu, hasira na mafarakano. Niambie, wivu unahitaji tumbo gani? Mafarakano yanakula ugali? Unaweza kufunga siku 40, ukakonda kama ufito, na bado ukawa mtu wa mwili kwa sababu ya chuki uliyomwekea mwimbaji mwenzako wa kwaya.

Lakini 1 Wakorintho 6 inaposema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, neno lililoko ni soma. Ni huu mwili wenyewe. Wenye mgongo unaouma, wenye meno yaliyong'oka, wenye sukari iliyopanda. Na Paulo anatoa sababu kwenye mstari wa 14: Mungu aliyemfufua Bwana atatufufua sisi pia. Mwili wako una thamani kwa sababu Mungu hajamalizana nao. Ana mpango nao hata baada ya kaburi.

Wakolosai 2:23 inayaweka maneno yote mawili katika mstari mmoja. Paulo anasema kuna dini ya kujitungia inayoonekana ya hekima, inautesa mwili (soma), lakini haina nguvu yoyote ya kuzuia tamaa za mwili (sarx). Yaani unaweza kuliadhibu hekalu, na mwizi akabaki ndani amekaa kitako.

Na sisi Wapentekoste, tunaopenda Warumi 8:11 kuliko chai ya asubuhi, tuusome mstari wote. Tunaishia kwenye "Roho yule yule aliyemfufua Yesu," kisha tunaanza kurukaruka. Mstari unaendelea. Unasema Mungu ataihuisha hata miili yetu hii ya kufa kwa Roho wake anayekaa ndani yetu. Huwezi kusema umejazwa Roho huyo halafu ukakidharau kile alichokuja kukihuisha.

NAJUA MTANIANDIKIA, BASI NIWAJIBU MAPEMA

"Mchungaji, kwani unapinga kufunga?" Sipingi. Tunafunga, na tutaendelea kufunga. Yesu alifunga siku 40, kisha akaona njaa, na mwishoni malaika wakaja kumhudumia. Mfungo wa Biblia una mwisho, na baada ya mwisho kuna meza. Tena ukiwa kwenye Mathayo 4, angalia ni nani aliyemwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu ili kuonyesha kwamba anamwamini Mungu. Na andiko alitoa! Alikuwa Ibilisi. Kwa hiyo sauti inayokuambia uutupe mwili wako ili uthibitishe imani, mwenyewe tunamjua, na Yesu alishamjibu.

Eliya naye alichoka, akaomba afe, soma 1 Wafalme 19. Mungu hakumpongeza kwa kutamani mbinguni. Alimtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena.

"Mchungaji, unapinga uponyaji?" Jumapili hii ukiwa mgonjwa njoo, tutakuwekea mikono. Mungu anaponya. Lakini Paulo, ambaye katika Matendo 20 alimkumbatia Eutiko aliyeanguka kutoka dirishani na kijana akarudi hai, ndiye huyo huyo aliyemwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ndiye huyo huyo aliyemwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Na miongoni mwa waliokuwa pamoja naye alikuwepo Luka, tabibu. Je, Paulo hakuwa na imani? Mungu anayeponya kwa maombi ndiye anayeponya kwa mkono wa muuguzi aliyekesha zamu ya usiku. Ukipona, rudi na karatasi ya daktari, na kanisa litashangilia mara mbili. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa.

"Lakini Paulo alisema kufa ni faida." Ndiyo, Wafilipi 1:21. Endelea mpaka mstari wa 24 na 25. Anasema kubaki kwake mwilini kuna haja zaidi kwa ajili yao, na ana hakika atabaki awatumikie. Mtu aliyeitamani mbingu kuliko wote alichagua kubaki kazini kwa ajili ya wengine. Mhubiri anayekukatia mstari huo katikati anakukatia maisha yako katikati.

KOSA HILO HILO LIKIVAA SUTI

Sasa nigeuke upande wa pili, maana wengine mmeanza kutabasamu mkidhani mmepona.

Kuna wasiokwambia ufe njaa. Wao wanakuambia: "Wiki hii ya Pasaka toa mbegu ya ufufuo, na biashara yako iliyokufa itafufuka. Gari lako litafufuka. Ndoa yako ya zamani itafufuka." Namba ya kutuma pesa iko chini ya skrini. Kwao jiwe liliondolewa kaburini ili pesa zipate njia.

Paulo aliwajua watu wa namna hii. Katika 2 Timotheo 2:17-18 anawataja wawili kwa majina, Himenayo na Fileto. Walifundisha kwamba ufufuo umeshatokea, umekwisha, na hivyo wakaipindua imani ya watu. Hayo ndiyo anayofanya mtu anayeugeuza ufufuo kuwa jina jingine la mafanikio ya mwezi huu. Anakuondolea siku ile kuu iliyo mbele, anakuachia risiti.

Tena madhara yake yanaonekana siku ya msiba. Mama aliyetoa karo ya watoto iwe mbegu anampoteza mtoto, na hana chochote cha kushikilia, kwa sababu alifundishwa kwamba ufufuo ni wa duka. Akiuliza, anaambiwa imani yake ilipungua. Wanafiki! Mlimnyang'anya karo, sasa mnamnyang'anya na tumaini?

Sikiliza jinsi Paulo alivyohubiri ufufuo. 1 Wakorintho 15 ndiyo sura ndefu kuliko zote juu ya jambo hili. Anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri yetu ni maneno matupu na bado tumo dhambini. Anasema Kristo ni limbuko, tunda la kwanza la shamba, na ukiona la kwanza limeiva unajua mavuno yako njiani. Anamaliza kwa kuwaambia wasimame imara, kwa kuwa taabu yao katika Bwana haipotei bure. Halafu sura ya 16 inaanza na nini? Na mchango! Lakini ni mchango wa nani? Wa watakatifu wa Yerusalemu. Na Paulo anataka kila mtu aweke akiba yake mapema kadiri alivyofanikiwa, ili yeye akifika kusiwe na harambee ya papo kwa hapo. Anataka pia kanisa lenyewe lichague watu wa kuipeleka.

Umeona? Aliyeandika juu ya ufufuo kuliko sisi sote alitoka hapo moja kwa moja akaenda kwenye shida za ndugu walio mbali, tena kwa hesabu zilizo wazi. Hakuuza kitambaa.

BASI JUMATATU TUFANYE NINI?

Kama mwili wa Kristo ulitoka kaburini, na kama mwili wako utatoka, basi namna unavyoushughulikia mwili, wako na wa mwenzako, ni mambo ya imani.

Meza dawa zako. Zimeze sebuleni, usizimezee chooni. Nenda kliniki siku uliyopangiwa. Mpeleke mtoto akachanjwe. Ukiwaombea wagonjwa kwenye ushirika wa nyumbani, maliza maombi kwa kuuliza nani atamsindikiza huyu hospitali na nani atabaki na watoto wake. Hiyo nayo ni huduma ya kiroho.

Wewe uliyeajiri dada wa kazi, mwili wake nao utafufuka. Analala wapi? Anakula saa ngapi, na anakula nini? Mshahara wake wa mwezi jana umempa? Huwezi kuimba kwamba kaburi li tupu na sahani ya anayekupikia iko tupu.

Wewe mwanamume unayeinua mkono juu ya mke wako halafu unaongoza maombi ya alfajiri, unampiga hekalu la Roho. Mungu atakapoufufua mwili ule, atauliza juu ya kila alama. Yesu alifufuka na makovu yake, hayakufutika. Tomaso aliyaona. Usidhani za mkeo zitasahaulika. Na wewe mama uliye katika nyumba hiyo, kuondoka kwenda mahali salama si kukosa imani. Piga ripoti. Tuambie. Mungu aliyekupa mwili huo hakukuambia uutoe upigwe.

Na tukienda matanga, tuache kuwaambia waliofiwa wasilie. Yesu alijua atamwita Lazaro dakika chache baadaye, na bado alilia. Paulo katika 1 Wathesalonike 4 hakukataza huzuni. Alikataza huzuni ya watu wasio na tumaini. Kwa hiyo tulie, tena tulie kwa sauti, kisha tumlaze mpendwa wetu mchangani kama mkulima anavyoweka mbegu, akijua msimu. Na akija mtu kuwaambia mwili ubaki mochari wiki tatu kwa sababu "ameonyeshwa atafufuka," na bili inapanda kila siku, na kila siku kuna sadaka ya maombi, mwambieni aanze kwa kulipa ile bili.

PIMA KABLA YA KUSEMA AMINA

Yohana alituambia tuzijaribu roho, na kipimo alichotoa katika 1 Yohana 4 kinahusu mwili: roho inayokiri kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili. Kipimo hicho hakijapitwa na wakati. Ukimsikiliza mhubiri, nami nikiwemo, jiulize: anayoyafundisha yananifanya niwalishe watu au niwaache na njaa? Yeye mwenyewe akiugua, anakwenda wapi? Na akinitaka nitoe, nani anahesabu?

Kama majibu yanakutia hofu, toka. Kutoka kwenye mafundisho ya mauti si kumwacha Mungu. Wanawake waliokwenda kaburini alfajiri waliulizwa kwa nini wanamtafuta aliye hai kati ya wafu. Nao hawakubaki pale. Waliondoka wakaenda kuwaambia wenzao.

Mpendwa unayesoma hapa na umeficha chupa ya dawa nyuma ya maharagwe kabatini, ujumbe huu ni wako. Itoe. Meza ya leo. Bwana wako hakuoni haya.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyetoka kaburini ukiwa na mikono ya kuumega mkate, tufundishe kuitunza miili uliyoinunua kwa damu yako. Uwafariji waliobaki bila watu wao kule Kilifi. Ufunge vinywa vinavyouza mauti kwa jina lako, na uyafungue macho yetu tusirudi tena kulala. Utupe leo chakula, utupe kesho kazi, na siku ile utuite kwa majina tutoke. Amina.

Tukutane Jumapili saa nne. Baada ya ibada kutakuwa na chai, mandazi na uji wa watoto. Mtu asikimbie. Wale wa idara ya wageni, hakikisheni waliokuja peke yao hawanywi chai peke yao.

Mchungaji wenu.